Miwani ya Karani wa Mizani

Asubuhi ya kwanza Masoudi Nangomwa alipofika ghalani na miwani mipya, watu walimpokea kama bwana harusi. Wakulima waliokuwa wamekalia magunia yao ya korosho walinyanyuka. Mmoja akamwita daktari, mwingine mheshimiwa, na mama mmoja wa Mtua akasema karani amependeza hivyo mkewe awe macho. Masoudi alicheka, akashika fremu kwa vidole viwili na kuwashukuru. Miwani ile ilikuwa yao kuliko yake. Mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika ndio uliokubali kila mwanachama akatwe kidogo kwenye malipo yake ili karani wao wa mizani apate macho.

Vibarua wakapandisha gunia la kwanza kwenye mizani. Namba nyekundu zikawaka, na Masoudi akaona ukungu mwekundu. Akainama, akainuka, akapinda shingo kama kuku anayetazama mwewe. Kabla ya miwani namba zilikuwa zinatetemeka. Sasa zilikuwa zimeyeyuka kabisa.

"Kilo ngapi, karani?" aliuliza Abdalah kutoka ndani.

Abdalah ndiye aliyekuwa anaandika. Alikaa mezani ndani ya ghala, hawezi kuiona mizani, na alichokiandika ni kile alichokisikia. Alikuwa kijana aliyesomea mambo ya ushirika, na nusu ya kijiji ilijua kwamba anaitaka nafasi ya Masoudi. Nusu nyingine walikuwa ndugu zake, nao walijua zaidi.

Masoudi akafanya jambo ambalo hakulipanga, mdomo tu ulimtangulia.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti kubwa, "kuanzia leo mwenye korosho asome mwenyewe. Aje upande huu wangu, atazame, ataje. Mimi nitasimama kushuhudia. Msije mkasema karani kala kilo zenu."

Makofi yakapigwa. Tangu ushirika uanze sehemu zile, hakuna aliyewahi kumkaribisha mkulima upande wa karani. Mwenye gunia alizunguka, akatazama, akataja kilo zake kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, na Abdalah akaandika. Mwenyekiti Severini, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alitoka ofisini kuona makofi ni ya nini. Alipoelezwa alitikisa kichwa kwa furaha.

"Mnaona," alisema. "Fedha ya miwani imezaa."

Masoudi alijaribu kuishusha miwani mpaka ncha ya pua ili achungulie kwa juu. Severini akamfuata, akaisukuma juu kwa kidole chake mwenyewe kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati.

"Vaa vizuri, Mzee Masoudi. Tumechanga hapo."

Akabaki hivyo mpaka jioni, ameivaa vizuri, haoni kitu.

Mkewe alijua kabla hajaambiwa. Mwanasha aliishi na mwanamume yule tangu wote wawili wakiwa na meno yote, na hakuna namna mume angemmiminia chai nje ya kikombe asitambue. Aliufuta mkeka, akamwangalia, akasubiri. Masoudi akaanza kuchambua mchicha aliowekewa kwenye ungo, akitupa majani na kubakiza vijiti.

"Baba Faridi, vua hiyo miwani uniambie kuna nini."

"Kuna nini wapi?"

"Hapo ulipotupa mboga yangu."

Akavua. Macho yalikuwa mekundu na kichwa kilikuwa kinamgonga tangu adhuhuri. Alisema miwani ni mbaya. Mwanasha akauliza itakuwaje mbaya ilhali alipimwa na daktari mzima, kule Nachingwea, mwenyekiti akiwa amesimama mlangoni. Masoudi akaeleza, uso ameuelekeza jikoni.

Msimu uliopita watu wawili walilalamika kwamba karani anasoma vibaya. Bodi ikakaa. Ikasemwa kwamba apelekwe kupimwa, na akishindwa apumzike, mizani apewe Abdalah. Masoudi alilishika neno moja tu katika yote hayo, nalo ni akishindwa. Mtu aliyesoma shule ya msingi zamani, ya fimbo, anajua maana ya kushindwa. Kwa hiyo siku ya kupimwa alikaa kwenye foleni chini ya dirisha lililo wazi. Waliomtangulia walikuwa walimu, nao walisoma herufi za ukutani kwa sauti kama wanafundisha. Mpaka zamu yake ilipofika alikuwa amezishika zote, mstari kwa mstari, kama mtoto wa madrasa.

"Nikazisoma zote," alisema. "Mpaka zile ndogo za chini."

"Hukuziona?"

"Niliona ukuta mweupe."

Mwanasha alicheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kikakatika ghafla. "Na vile vioo? Si alikuvika vioo vya kujaribu?"

"Alinivika tangu mwanzo, alisema umri wangu lazima miwani. Kila alichonivika nikasoma vilevile. Akawa ananiuliza, hiki au hiki, kipi kizuri? Nikamwambia vyote vizuri, mwanangu. Kijana wa watu amekuja kutoka mbali, amenivalisha kwa mikono yake, nimwambie kitu chake kibaya?"

Mwanasha aliacha kucheka kabisa. Aliuchukua ungo, akaanza kuokota majani ya mchicha yaliyoanguka chini, akiyapuliza mchanga moja moja. Alimpenda mumewe, na wakati ule alitamani kumpiga kwa ule ungo.

"Rudi ukamwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba niliiba mtihani? Severini alisimama mkutanoni akasema alinisikia kwa masikio yake, nimesoma mpaka mstari wa mwisho kwa vile vioo. Watu wamechanga kwa neno hilo. Nikisema leo sioni, mizani imekwenda. Na mwanao Yasmini yuko bweni Ruangwa, na bati la chumba cha nyuma unaliona."

"Usipovaa je?"

"Bila miwani ni afadhali kidogo. Lakini wataniuliza iko wapi."

Mwanasha akasema mficha uchi hazai. Masoudi akajibu kwamba yeye ameshazaa wanatosha. Wote wawili walijua kwamba hilo halikuwa jibu.

Mambo mabaya yangekuwa yanakuja na sura mbaya, watu wangeyakimbia. Lile la Masoudi lilikuja na sifa. Habari za mizani ya uwazi zilitembea kata nzima ya Naipingo, zikafika mjini Nachingwea, zikavuka mpaka Ruangwa. Wakulima wa vijiji vya jirani wakaanza kuwauliza makarani wao kwa nini wao hawakaribishwi upande wa pili. Msikitini, baada ya swala, mzee mmoja alimshika Masoudi mkono akamwombea dua kwa uaminifu wake. Masoudi aliitikia amina, akajisikia kama amekula nyama ya mwenzake.

Kila siku alipotoka nyumbani alitembea taratibu, akihesabu mashimo ya njia kwa miguu. Watoto walipomsalimia aliitikia sauti, maana sura zilikuwa zimekwisha. Jirani mmoja alimpita akanuna kwa kutosalimiwa, na jioni mke wa jirani huyo akaja kuuliza wamekosana nini. Mwanasha alijibu kwamba tangu avae miwani mumewe amekuwa na maringo. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo lile, na ulimuuma kwa sababu ulikubalika haraka sana.

Ndipo Severini alipoleta wageni. Chama kimoja cha Mbekenyera kilituma watu kuja kujifunza, akiwemo karani wao wa mizani, Jumaa, mtu mpole, mwembamba, aliyesimama nyuma ya Masoudi mikono mgongoni kama mwanafunzi. Severini alivaa koti siku hiyo.

"Hapa kwetu karani hasomi," aliwaeleza. "Mkulima anasoma. Karani ni shahidi tu."

Magunia matatu yalipita vizuri. Gunia la nne lililetwa na bodaboda, na nyuma yake alishuka Bibi Makrina, mjane wa upande wa mtoni, akiwa na khanga mbili na ndala zisizofanana. Lilikuwa gunia lake la pekee. Mikorosho mingine ilichukuliwa na shemeji zake mwaka aliofiwa, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu ingawa hakuna aliyelisema. Vibarua wakalipandisha. Masoudi akasogea pembeni kumpisha, kama alivyozoea.

"Karibu, bibi. Njoo usome kilo zako."

"Mie namba siziwezi, mwanangu," alisema Bibi Makrina, tena kwa sauti, bila kuinamisha uso. "Sikusoma mie. Nisomee wewe."

Watu wachache walicheka kidogo, kicheko cha wema. Masoudi alisogea hatua moja nyuma.

"Basi mwite mtu yeyote hapa akusomee. Huyu kibarua, au..."

"Sitaki mtu yeyote. Hao watu wowote wameshanisomea sana, ndiyo maana nimebaki na gunia moja. Marehemu alikuwa anakuja kwako wewe. Nisomee wewe."

Severini alitabasamu kwa wageni, akasema kwa sauti ya chini kwamba mnaona imani ya wananchi. Masoudi akageukia mizani. Akakaza macho mpaka yakatoka machozi. Ndani ya ukungu aliona duara mbili nyekundu, zimekaa pamoja kama mayai. Sita, alifikiri. Zote sita. Gunia lingeweza kuwa halikujaa, bibi ni mzee, mikorosho yake ni mizee. Watu walikuwa wanangoja.

"Sitini na sita," alisema.

"Sitini na sita," aliandika Abdalah.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie macho," alisema Bibi Makrina. Akapokea risiti yake asiyoweza kuisoma, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Mgeni haumbui wenyeji uwanjani kwao. Jumaa wa Mbekenyera alisubiri mpaka wali umepakuliwa ofisini, wakanawa, na alipokuwa na tonge mkononi ndipo alipouliza kwa upole.

"Mwenyekiti, ninyi hapa mnakata kilo ngapi kwa gunia?"

"Moja tu, ya uzito wa gunia."

"Nimeuliza kwa sababu yule bibi amekatwa ishirini. Nilikuwa nyuma. Mizani ilisema themanini na sita."

Severini hakumaliza wali wake. Gunia la Bibi Makrina lilitafutwa, likapandishwa tena, safari hii Abdalah akasoma, na ilikuwa themanini na sita. Kilo ishirini za mjane zilikuwa zimelala ghalani bila mwenyewe. Kwa mtu wa korosho hakuna haja ya kuelezwa zaidi. Kilo za ziada ghalani zina mguu, huondoka na mtu.

Masoudi aliitwa ofisini. Wageni walitoka nje kwa adabu, wakasimama karibu na dirisha kwa adabu hiyohiyo.

"Tangu lini?" Severini aliuliza.

"Mwenyekiti, mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni namba. Sioni na hii miwani. Nikiivaa ndiyo sioni zaidi."

Abdalah akacheka puani. Severini akamtazama Masoudi, na kilichokuwa usoni mwake kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alikuwa anaona aibu kwa niaba yake.

"Mzee Masoudi, usinifanye mtoto. Nilikuwepo. Ulisoma ukuta mzima. Hata daktari alishangaa, alisema mzee wa umri wako kusoma ule mstari si kawaida. Nimeyasema haya mkutanoni. Leo umekamatwa na kilo za mjane, ndiyo macho yameharibika?"

"Na hao wengine waliosoma wenyewe?" Abdalah aliongeza. "Kumbe uwazi ulikuwa wa wenye macho. Asiyejua kusoma ndiye analiwa."

Kila neno la kweli alilokuwa nalo Masoudi lilikuwa limekwisha kukanushwa na yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa sauti nzuri. Alimwona Severini kama kivuli kinene, na sauti ikitoka humo ikimwambia kwamba bodi inampa nafasi moja. Madaktari wa macho walikuwa wamehamia Ruangwa wiki ile. Atapelekwa kwa daktari yuleyule. Akionekana haoni, aliwadanganya. Akionekana anaona, ni mwizi, na polisi wapo.

"Kwa hiyo nishindwe au nifaulu?" Masoudi aliuliza, na hakuwa anatania.

Severini akanyoosha mkono kumwonyesha mlango.

Mwanasha alikwenda nao Ruangwa. Severini alisema hakuna haja, na Mwanasha akasema haja anaijua yeye, akaingia garini kwanza. Walipofika hawakukaa chini ya dirisha lolote. Masoudi alisimama juani mbali na foleni, vidole masikioni, na watu waliopita walidhani anaumwa meno.

Daktari alikuwa kijana wa bara aitwaye Richard, mwenye haraka na mwenye adabu. Alimkumbuka mara moja.

"Mzee wangu wa mstari wa mwisho. Kuna tatizo gani tena? Kaa hapo, nisomee."

Ubao ulikuwa uleule, au weupe uleule, Masoudi hakujua. Mlangoni palikuwa na Severini, na nyuma yake Mwanasha. Masoudi akafungua mdomo kusema haoni. Kabla hajasema, herufi zikaanza kutoka zenyewe, ya kwanza, mbili za chini yake, tatu zinazofuata, tamu, zimenyooka, kwa ule mwimbo alioziingiza nao. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Endelea," alisema Richard.

"Siendelei. Sizioni, daktari. Nazikumbuka."

"Unasema?"

"Nilizisikia kwa walimu siku ile. Nimezihifadhi. Hata ukizima taa nitakusomea."

"Mnasikia?" alisema Severini. "Sasa tutajuaje? Mtu atathibitishaje kwamba haoni?"

Lilikuwa swali la haki. Hapo Mwanasha alipita katikati ya mwenyekiti na mlango, akasimama mbele ya daktari.

"Mwanangu, huyu mume wangu anatupa majani ya mboga anakula vijiti. Alikuja hapa akafanya mtihani kwa sababu aliambiwa akishindwa ananyang'anywa kazi. Na wewe ulimuuliza kipi kizuri, akakwambia vyote vizuri, maana kwetu sisi mtu hakosoi mkono unaomhudumia. Mpime upya, na ubao mwingine."

Richard alimtazama yule mama, akamtazama mzee, na uso ukamwiva. Alikumbuka kwamba siku ile alikuwa na watu wengi, na mzee aliyesema vyote vizuri alimrahisishia kazi. Alitoa sandukuni ubao mwingine, wa alama zilizogeuzwa huku na kule kwa ajili ya wasiosoma, akautundika.

"Hii imeelekea wapi, mzee?"

"Sijui."

"Na hii kubwa?"

"Mwanangu, mimi naona ukuta umepakwa chokaa vibaya."

Ilichukua muda. Vioo vilivikwa, vikavuliwa, na Masoudi, jasho likimtoka kama anayetukana wakwe, alisema kibaya, hicho nacho kibaya, hicho kibaya zaidi. Kisha kikavikwa kingine. Alama zilikuwa zimesimama ukutani, nyeusi, kila moja na upande wake. Akazitaja zote. Richard akasema tatizo lilikuwa kubwa lakini linatibika kwa vioo tu, na kwamba kile alichompa mwanzo hakikuwa chake wala cha mtu yeyote, akampa miwani mingine.

Severini alitoka nje, akasimama kwenye varanda akiufuta uso kwa leso. Masoudi alipotoka alimwambia bila kumtazama kwamba wizi umefutika, atalieleza hilo mwenyewe kwenye bodi. "Lakini mizani, mzee wangu..." alisema, akaacha hapo. Masoudi akasema ameelewa. Mwanasha alikuwa anamwangalia mume wake akitazama majani ya mti wa ng'ambo kama mgeni.

Abdalah alikabidhiwa mizani wiki hiyohiyo, na wakulima wakaendelea kuzunguka upande wa karani kusoma wenyewe, kwa sababu walishaizoea haki hiyo na hakuna aliyethubutu kuwarudisha. Bibi Makrina aliongezewa kilo zake kwa maandishi. Hakuna aliyekwenda kumwambia kwa nini.

Masoudi alikwenda. Alimkuta amekaa uani akimenya muhogo wa kukausha, kisu kikienda chenyewe. Alikataa kiti, akachuchumaa, akaeleza yote, mtihani, ukungu, sitini na sita. Aliomba radhi. Alisema ilikuwa aibu, kwamba mtu mzima, karani, watu wamemwamini, angewezaje kusimama mbele ya kadamnasi na wageni aseme haoni.

Bibi Makrina aliweka kisu chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Masoudi.

"Siku ile mimi nilisimama hapohapo," alisema. "Watu walewale. Wageni walewale. Nikasema mie namba siziwezi, sikusoma. Hukunisikia?"

"Nilikusikia, bibi."

"Sasa wewe kusema huoni ulishindwa nini?"

Miwani mipya ya Masoudi ilikuwa safi. Alimwona yule mama vizuri kabisa, mikunjo ya uso na macho yanayongoja, akatamani asimwone.